Magitaa ya Bwana Risiti

Fundi cherehani alikuwa katikati ya wimbo, kwenye harusi ya kaka yake, gitaa lilipomvunjikia mikononi. Kibao kinachoshika nyuzi kiling'oka kikamchapa kidevuni. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mashemeji wapya ndio waliocheka zaidi.

Gitaa lenyewe lilikuwa na wiki tatu tu. Jumatatu alilirudisha dukani kwa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Risiti, kwa sababu kila aliyelalamika aliulizwa risiti, na risiti hakuwahi kumpa mtu. Bwana Risiti hakuligusa. Aliwageukia wateja akasema, "Mnamwona dada huyu? Kazoea kukanyaga cherehani, na gitaa naona kalikanyaga."

Wakacheka. Fundi alikusanya vipande vyake, akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake, seremala.

"Mjomba, nifundishe mbao."

"Unataka kutengeneza kitanda?"

"Nataka kumtengeneza mtu."

Mjomba alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Alilifumua lile gitaa juu ya meza ya kazi, akamwonyesha plaiwudi iliyopakwa rangi ikafanana na mbao, na gundi iliyomwagwa juu ya vanishi, isiweze kushika. Kwa miezi minane fundi alishinda pale kila Jumapili mchana. Mpiga gitaa wa kwaya naye alimfundisha kusikiliza. Siku za kazi, kila alipopiga pindo, alimwona Bwana Risiti chini ya sindano.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye fundi alimshonea sare za wanafunzi, alipomwambia kwamba shule inataka magitaa sita, mazuri lakini ya bei nafuu, na kwamba ataanzia kwa Bwana Risiti.

"Twende wote, Mwalimu," alisema. "Nitakuchagulia mwenyewe."

Walikwenda Jumamosi, duka likiwa limejaa. Bwana Risiti hakumtambua. Alishusha magitaa sita yanayong'aa, akayapanga kwenye kaunta.

Fundi alichukua la kwanza. "Mwalimu, chungulia hapa kama unalenga shabaha. Shingo imepinda." La pili: "Pitisha kidole kwenye vyuma hivi vya shingoni. Taratibu, vinakata." La tatu: "Nyuzi ziko juu mno. Mtoto atabonyeza mpaka alie." La nne alilielekeza kwenye mwanga. "Angalia ukingo wa tundu. Tabaka tatu. Hii ni plaiwudi, na hapa wameandika mbao halisi."

Sauti yake ilikuwa ya upole, ila alihakikisha inafika mlangoni. Baba mmoja aliyekuwa ameshatoa pochi aliirudisha mfukoni.

"Dada, kwani wewe ni nani?" Bwana Risiti aliuliza, jasho likimtoka.

"Yule aliyekanyaga gitaa."

Alikumbuka. Aliinama akanong'ona, "Tuyamalize kando. Nitakurudishia pesa yako."

"Sikuja na risiti," alijibu, kwa sauti ile ile ya kufika mlangoni.

Hata la tano na la sita hayakupona. Kisha aliona gitaa moja juu ya kabati, lina vumbi na mkwaruzo mrefu mgongoni, bei yake chini ya yote. Alilishusha. Shingo ilikuwa nyoofu, mistari ya mbao ilipita mpaka ndani ya tundu, na alipopiga nyuzi sauti ilijaa duka zima. Mwalimu alilinunua kwa bei ile ile iliyobandikwa. Matano yaliyobaki waliyanunua kwenye duka la ng'ambo ya barabara, Bwana Risiti akiwa amesimama mlangoni kwake anatazama yakipakiwa.

"Ulijua yatakuwa mabovu?" Mwalimu aliuliza wakiondoka.

"Niliomba yawe mabovu."

Jumamosi iliyofuata alirudi na jirani. Iliyofuata tena, na mpiga gitaa wa kwaya na wenzake wawili. Kufikia ya nne, Bwana Risiti akimwona kwa mbali alikuwa anashusha mlango nusu.

"Basi sasa, mwanangu," mjomba alimwambia. "Yule ana watoto wa kulisha. Moyo haujapoa tu?"

"Bado," fundi alikiri. Aliahidi kuacha. Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye cherehani mpaka saa nne asubuhi, akakata uzi, akavaa viatu.