Sekunde Kumi na Moja za Faudhia

Faudhia alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, kisha akaushona tena palepale. Mteja aliyekuwa akisubiri barazani alimtazama, akasema atarudi kesho. Faudhia hakumzuia. Alichomoa simu chini ya kitambaa. Tiki mbili za bluu. Mumewe, Huzaifa, aliyekuwa shambani Lionja akipulizia mikorosho dawa ya salfa, alikuwa ameusoma ujumbe wake na hakujibu.

Mambo yalianzia kwenye kundi la Wasapu la wasomaji. Mwalimu Aneth, mtu wa Moshi aliyehamishiwa Ruangwa, ndiye aliyelianzisha baada ya kuchoka kusoma peke yake. Mtu akipiga picha ya jalada na kusimulia kidogo, wengine huomba zamu. Kitabu hukabidhiwa kondakta, kikatoka Ruangwa kikafika Nachingwea, kikaenda hadi Ruponda. Faudhia wa Nachingwea, aliyeishia kidato cha pili, alikuwa amesoma vitabu sita kwa mwaka mmoja.

Cha saba kilikuwa riwaya inayomhusu Mwanaidi, mke wa mwenye mashine ya kusaga, aliyefunga virago asubuhi moja ilhali hakupigwa wala kunyimwa chakula. Kundi likawaka moto. Wengi walimwita mwanamke asiye na shukrani. Faudhia alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akajirekodi.

"Mimi simlaumu. Wageni wakimuuliza hali, mume anajibu. Daktari akimuuliza kinachomuuma, mume anajibu. Mtu unaishi miaka kumi hujajibu swali hata moja. Hata mimi ningeondoka. Naapa, ningeondoka."

Alizungumza dakika mbili nzima. Lakini mtu fulani, hajulikani nani, alirekodi mwisho wake tu, sekunde kumi na moja, akazirusha. Zikazunguka, na kufika jioni zilikuwa zimeingia kwenye kundi la ukoo wa Huzaifa.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Shangazi Biasha wa Ruponda, dada wa marehemu baba yake Huzaifa.

"Mwanangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, shangazi. Nilikuwa nazungumzia kitabu."

"Kitabu hakina mume, mwanangu. Mwenye mume ni wewe."

Ndiyo maana gauni lilikuwa halishoneki. Faudhia alifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Alibandika chai, akaisahau mpaka ikakauka.

Huzaifa alirudi siku ya tatu, nyusi zimejaa vumbi la salfa. Alinawa, akala, akashukuru. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Unaondoka lini?"

"Siondoki, Baba Uwesu. Nilikuwa nasema habari za Mwanaidi."

"Anakaa wapi huyo Mwanaidi?"

"Ni wa kitabuni."

"Kilete nimwone."

Kitabu kilikuwa kimekwisha rudi Ruangwa, ilikuwa zamu ya Aneth. Asubuhi Faudhia alipanda basi la kwanza. Alimkuta mwalimu katika ofisi ya walimu, kitabu mezani, zimebaki kurasa thelathini.

"Niache nimalize, dada. Ni saa moja tu."

Faudhia alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Aneth alisoma kurasa tatu, akakifunga.

"Chukua. Siwezi kusoma na mtu anatembea hivi. Na ule ujumbe wako, nikuombe radhi. Kama unataka, nitawaambia wote waufute."

"Wasiufute," Faudhia alisema, naye akashangaa jinsi alivyotamka haraka. "Nilichosema nimekisema."

Huzaifa alisoma siku nne, midomo ikimchezacheza. Hakuuliza kitu. Faudhia alipita mlangoni kwa visingizio vya kila namna, akijaribu kuona amefika ukurasa gani. Siku ya tano akakifunga.

"Huyu mume hakuwa mtu mbaya."

"Hakuna aliyesema ni mbaya."

"Hakujua."

"Hakuuliza."

Huzaifa alikigeuzageuza kitabu mkononi. Kisha akasema, "Niingizeni kwenye hilo kundi lenu."

Aneth alimwingiza asubuhi iliyofuata. Faudhia alikuwa kwenye cherehani, Huzaifa chumbani, pale simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mumewe, nzito, ya mtu asiyezoea.

"Hamjambo. Mimi ni mume wa yule aliyesema ataondoka. Kitabu nimekisoma. Naona mwenye mashine kaonewa, maana alidhani kumsemea mkewe ndiko kumtunza. Nyumbani kwetu tulifundishwa hivyo. Sasa namuuliza yule aliyesema: kilikuwa kitabu tu?"

Faudhia alibonyeza kipaza sauti, akaachia. Akabonyeza tena, akaachia. Mwisho aliiacha simu juu ya cherehani, akaingia chumbani.

"Hakikuwa kitabu tu," alisema.

Huzaifa aliweka simu yake chini. Akasogea, akampisha mkekani.

"Haya. Sema."

Akasema. Alianza na siku ile ya hospitali, daktari alipomuuliza yeye na Huzaifa akajibu, akarudi nyuma hadi mwaka wa harusi. Huzaifa alikatiza mara mbili, mara mbili akajizuia. Sauti zilipanda, zikashuka, na Faudhia hakuweza kukaa. Alisema huku akitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, na kule jikoni kunde zikaungua bila mtu wa kuziepua.