Fulana Hii ya Nani

...na kama nitasema ni yangu basi niseme sasa, kabla msimamizi hajafika upande huu wa meza ya kukunjia, kwa sababu mimi ni kibarua tu, kibarua akifukuzwa kesho yake anaitwa mwingine pale getini, lakini Mama ana miaka yake hapa, jina lake lipo kwenye karatasi ya ofisini, na fulana ni yake, niliiona asubuhi akiisukuma ndani ya mashine chini ya mashuka ya hospitali ya kulipia, kwetu maji yamekatika, akaona itapita humo humo kimyakimya, ilikuwa mpya na ngumu kama kadibodi, alitaka ilainike tu, nani angejua kuwa nguo ya bure inaweza kutema rangi kiasi hiki... mashuka yote yametoka na wekunduwekundu kama ufizi, hata hili tulilolishika, Mama upande ule na mimi upande huu, pembe nne mikononi, tunalivuta linyooke kana kwamba bado ni jeupe. Msimamizi ameinyanyua fulana kwa vidole viwili, rangi ya damu ya mzee, kifuani mchoro wa daraja, alama ya chama cha Daraja, mgongoni Wakati Ndio Huu, inadondosha maji, anasema, Akina mama, nauliza kwa upole, hii ya nani, na upole wake tunaujua, yeye ni katibu wa tawi la chama cha Ufunguo huko mtaani kwake, uchaguzi ni kesho, na ameshatangaza kuwa mwenye fulana ataondoka nayo jioni hii na asionekane tena hapa. Mama wa pasi, mwenzetu wa meza ya kupigia pasi, anasema bila kuinua macho, Baba, hata wewe si unayo nyumbani, si ndiyo unayofutia pikipiki, na mimi nataka kucheka lakini yeye hacheki, anasema, Mimi sijaleta siasa kazini, na mfuko wake wa shati una kalamu ya Ufunguo, nimeiona, mnyororo wake mdogo unaning'inia... Mama haangalii fulana. Anaangalia pindo la shuka, kama mtu anayetafuta uzi uliotoka.

Nyumbani fulana za namna hiyo ndizo nguo zetu za kulalia, bibi analala na chama kilichokufa kabla sijazaliwa, mdogo wangu analala na mgombea aliyehukumiwa kifungo, mimi nalala na Ufunguo, imenifika magotini, imeandikwa Elimu Bila Malipo na imechanika kwapani, kwa hiyo hii ya Daraja ilikuwa ya nani, labda yangu, Mama aliona ile ya kwangu imechoka... na wakati ule wa Elimu Bila Malipo Mama aliwaimbia, alitembea nyuma ya gari lao mpaka kiatu kikafunguka soli, wakashinda, ada kweli ikaondolewa, nikaingia sekondari na sketi mpya, halafu ukaja mchango wa mlinzi, na wa madawati, na wa mitihani ya majaribio, na mwingine ambao hata jina haukuwa nalo, ukaitwa mchango mwingineo, na mwalimu mkuu akasoma majina mstarini, lililotajwa linabeba begi, nikabeba begi tukiwa katikati ya somo la mzunguko wa damu, mpaka leo damu nimeiacha kwenye mapafu, sijui inarudije kwenye moyo. Basi Mama akahama chama. Na kabla ya Ufunguo alikuwa Daraja, na kabla ya Daraja hiyo alikuwa Ufunguo, mama wa pasi humtania, Mwenzangu wewe ni mlango wa duka, kila anayesukuma unafunguka, kwa sababu yeye ni Ufunguo wa kuzaliwa, habadiliki, na maisha yake ni haya haya ya kwetu, miguu imevimba jioni kama yetu, kwa hiyo kubaki hakujamsaidia kitu na kuhama hakujatusaidia kitu, hilo nimelipima mara nyingi nikiwa nakunja foronya, foronya ni kazi ya mtu mmoja, inakupa nafasi ya kufikiri. Bwana mmoja redioni alieleza kuwa maskini hupiga kura kwa tumbo, anayempa sabuni ndiye wake, nikafikiri, lakini sabuni za Ufunguo tumeogea na za Daraja tumefulia, na kitenge cha mmoja na kofia ya mwingine, na Mama akiwa kwenye foleni ya kura hakuna aliyekuwa anakumbuka sabuni. Na siyo kwamba hajui. Yeye ndiye anayefua vitambaa vya meza vya karamu zao. Vinakuja hapa kwenye magunia, vya Ufunguo Ijumaa, vya Daraja Jumatatu, mchuzi ni uleule, mvinyo uleule, na doa kubwa kuliko yote linakuwa mahali pale pale, mbele ya kiti cha mgeni rasmi, na mwenye mali wa hapa, huyu anayetulipa, anakaribishwa kote kuwili, na kadi za mwaliko anazisahau mfukoni mwa suti na suti tunafua sisi. Nilimuuliza Mama siku moja, mimi na yeye bombani, Mama, si ni walewale, akasema, Ni walewale, nikamuuliza, Sasa kwa nini unahamahama, akaweka ndoo chini, akaniangalia kama nimeuliza kwa nini tunakula, akasema, Mimi sihami, mwanangu, nipo hapa hapa, wao ndio wanaohamishwa... nikaona ni mzaha wake tu, ana mizaha mingi mtu asiyecheka.

Msimamizi anasema, Nasubiri, anasema, Kamera ya mlangoni ipo, mkinyamaza nitaangalia kamera, na mama wa pasi anasema, Kamera ile si iliungua tangu mvua za mwaka juzi, ukatukata mshahara wa kuitengeneza, na msimamizi anasema, Mama, sijakuuliza wewe, na mama wa pasi anasema, Haya baba... Sijamwona Mama akicheka ila mara moja. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametoka, tumejazana kwa jirani mwenye televisheni, wakamwonyesha mheshimiwa wetu aliyeshindwa akihama ofisi, amebeba kiti chake mwenyewe, kile cha ofisini chenye magurudumu, miguu ya kiti inamgonga kifuani, amefika kwenye gari na hakuna wa kumfungulia mlango, mikono imejaa, anageuka huku, anageuka kule, hakuna mtu, na Mama akacheka, alianza taratibu halafu akakaa chini sakafuni, akafuta machozi kwa pindo la gauni, jirani akamuuliza, Na huyu anayeingia unamwonaje, Mama akasema, Nani, kwani anaingia nani... hakuwa amemtazama hata kidogo huyo anayeingia. Kesho yake akaamka alfajiri, akaja kazini.

Na yeye Mama amefukuzwa mara ngapi, kwenye ile nyumba ya tajiri alikuta kufuli limebadilishwa, kwenye nyumba ya wageni alimkuta mwanamke mwingine amevaa aproni yake, ina kiraka alichoshona mwenyewe, akauliza, Nimekosa nini, wakamwambia, Dada, usisumbue watu kazini. Hawakumwambia. Mpaka leo hajui. Na ndiyo hiyo... nalivuta shuka na yeye analivuta, naona mishipa ya mikono yake, na ndiyo hiyo, kesho ataingia nyuma ya kile kiboksi cha kadibodi cha kupigia kura, hatakuwepo mtu wa kumuuliza hii ya nani, wewe wa nani, mtoto wa nani huyu hajaleta mchango, atamfukuza mtu mkubwa na hatampa sababu, mtu huyo atahangaika redioni, nimekosa nini wananchi, na Mama atakuwa yuko hapa ananyunyizia mashuka dawa. Anayekuja atakula kwenye meza ileile, hilo analijua, kitambaa atakifua yeye. Ila naye zamu yake itafika ya kubeba kiti. Ni kidogo, ni kidogo sana, shule yangu hairudi kwa hicho, mlinzi wa shule bado atalipwa na watoto, lakini nilikuwa nasema Mama anadanganywa, na kumbe hakuna anayemdanganya, ni mimi niliyekuwa natafuta mapenzi ya chama mahali ambapo hapana mapenzi.

Mara ya mwisho, anasema msimamizi, ya nani, sauti imepanda, na nimetambua jambo, kwamba mama wa pasi anajua, asubuhi ndiye aliyemwazima Mama sabuni ya unga, alisimama pale pale mashine ikifungwa, Ufunguo wa kuzaliwa, angesema neno moja tu, na anachofanya ni kugeuza kola ya shati la mtu na kuibana kwa pasi, mvuke unafoka. Na mashuka haya hospitali inayataka leo. Hawezi kutufukuza wote, nani atayafua. Akipata jina amepata kila kitu, asipolipata ana fulana mbichi tu mkononi, na mimi mdomo ulishafunguka, neno lenyewe, Ni yangu, liko mbele ya meno, ni neno jema, la mtoto mwema, ninalirudisha ndani, ninalimeza, na kwa adabu zangu zote namuuliza, Samahani msimamizi, mashuka haya tuendelee kuyakunja, au tuyarudishe majini?