Buti za Kutman

Alhamisi baada ya adhuhuri Burulai aliingia katika duka la kukodisha vifaa vya theluji, akavua buti zake za sufi mlangoni, akavaa soksi nyembamba jozi moja tu, akakaa kwenye benchi. Soksi mbilimbili ni za wageni. Mguu uliofungwa blanketi hausikii buti inasema nini.

Duka hilo zamani lilikuwa chumba cha taa cha mgodi wa makaa ya mawe wa Ak-Jar. Mgodi ulipofungwa, waliofunga hawakumwomba mtu radhi. Walipaka kuta rangi, wakaleta mtambo wa kupandisha wageni mlimani, na kwenye kulabu za taa wakatundika buti.

"Dada Sonun, nipe ngumu," alisema Burulai.

Sonun, mwenye kulinda duka, alikuwa akitafuna mbegu za alizeti. "Ngumu ya kupigia picha au ngumu ya kazi?"

"Ya Shoka."

Sonun akaacha kutafuna. Shoka ni mteremko ulio juu ya kijiji, na katikati yake kuna barafu inayong'aa kama paji la uso la mtu aliyeshiba. Kesho yake asubuhi kampuni ilikuwa inachagua nani awaongoze wageni huko msimu mzima. Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa Kutman, mdogo wake Burulai, na theluji iliporomoka ikamfunika hukohuko, baridi mbili zilizopita.

Kila asubuhi, kabla wageni hawajapanda trekta ya theluji, Talant, mwenye kampuni, huwasomea somo la usalama. Somo hutaja kofia, hutaja koleo, kisha humalizika kwa Kutman: kijana hodari, lakini alipuuza ushauri akavaa buti laini, buti za kuchezea, zikamlegea kwenye barafu, akaanguka, akauangusha mlima. "Chagueni buti zenu vizuri," husema Talant, nao wageni hutikisa vichwa kwa huzuni wakiangalia miguu yao. Kwa maneno hayohayo mama yake Kutman na Burulai aliambiwa kwamba hakuna fidia. Mtu aliyeponzwa na miguu yake mwenyewe, kampuni itamlipaje?

Burulai hakuja kuomba kazi. Kazi alijua ni yake. Hata Kutman alifundishwa kuteleza na yeye. Alikuja kutafuta buti ambazo hakuna mtu angeweza kuzisomea somo.

Jozi ya kwanza aliibonyeza ulimi kwa kidole gumba, ikabonyea kama unga wa maandazi. "Hii nitavaa harusini," alisema. Jozi ya pili ilikuwa ngumu ubavuni, lakini alipopanda juu ya ncha za vidole kisigino kilinyanyuka ndani. Akaivua. Kisigino kikicheza kidogo dukani, huko Shoka ubao wa kutelezea uliofungwa miguuni unakuwa haukusikii. Buti laini ina huruma, inamfaa anayejifunza na anayerukaruka kwenye vilima vya watoto. Lakini kwa mtu anayeshuka kwa kasi, goti likisema neno, ukingo wa ubao ulisikie papo hapo. Buti laini ni mjumbe anayesimama njiani kunywa chai.

"Zile je?" Alionyesha jozi nyeusi kwenye kulabu ya juu kabisa.

"Zile sikodishi."

"Kwa nini?"

"Zina mtu."

"Mtu gani anaenea humo?"

"Si mtu mzima," alisema Sonun. "Miguu tu."

Burulai alipanda juu ya benchi, akatia mkono ndani ya buti ya kushoto. Kulikuwa na joto. Vidole vilikuwa vitano, na kile kikubwa kilikuwa na ukucha uliopinda, pale farasi alipokikanyaga Kutman akiwa bado mtoto. Tena ilikuwa miguu midogo. Kijiji kizima kilimtania Kutman kwamba ameazima miguu ya bibi harusi.

"Wewe," Burulai aliiambia, "mpaka leo hukati kucha."

Miguu ilikunja vidole.

"Tangu lini imo humu?" aliuliza.

"Tangu siku ile," alisema Sonun. "Talant alizileta kwa mkono wake, zikiwa bado na theluji. Akasema ni mali ya kampuni, zifutwe, zitundikwe. Kila Alhamisi zinapiga mateke ukutani mpaka nikaange."

Alhamisi, watu wa Ak-Jar huchemsha mafuta wakakaanga unga, ili wafu wapate harufu. Anayesahau hukumbushwa. Sufuria ya Sonun ilikuwa kwenye jiko la kona, na maandazi yalikuwa yamerundikwa kwenye sinia. Wageni waliyala kwa furaha, wakidhani ni ukarimu wa kampuni.

"Na hukutuambia."

"Nina watoto watatu na mwajiri mmoja, mdogo wangu. Wewe ungeanzia wapi?"

Burulai aliziteremsha buti, akabonyeza ulimi wa moja kwa kidole gumba, kisha kwa viwili, kisha kwa uzito wake wote. Haukusogea. Hapakuwa na buti ngumu kuliko hizo katika duka lile. Kutman alikufa akiwa amevaa buti ngumu kuliko zote, na kila asubuhi walikuwa wakimzika tena katika buti laini.

Alitumbukiza miguu yake. Ile ya Kutman ilijisogeza, kama walivyokuwa wakisogezana zamani chini ya blanketi moja. Wahenga walisema wa moja havai mbili. Juu ya buti moja kuvaliwa na wawili hawakuacha neno. Alisimama wima, vidole vikagusa mbele. Alikunja magoti, vikarudi nyuma. Alipanda juu ya ncha za vidole, kisigino kikabaki palepale, kwa sababu kisigino kingine kilikuwa kimekishika. Hakuwa amepata kuvaa buti iliyomkaa vile.

Shida ilikuwa moja tu. Yeye akiteleza hutanguliza mguu wa kushoto, na Kutman wa kulia. Walibishana kidogo hapo sakafuni, kisha buti zikageukia mlango, zikatoka naye. Sonun alifunga duka akawafuata, mikono ameificha chini ya aproni.

Buti zilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee Jumakadyr.

Burulai alielewa kabla hawajafika. Mtu akifa Ak-Jar, wanaomwosha hugawana mavazi yake. Aliyeosha kichwa huchukua kofia, aliyeosha kifua huchukua koti, aliyeosha miguu huchukua viatu. Watu wa mjini huita hiyo tamaa. Lakini vazi la maiti lisipopata mwenyewe aliye hai, halimwachii maiti aende zake. Jumakadyr ndiye aliyeosha miguu ya Kutman, na maiti ilikuwa imeshushwa mlimani na soksi tu.

Mzee alikuwa uani akipasua makaa kwa nyundo. Aliziangalia buti, kisha akamwangalia Burulai.

"Umeniletea viatu vyangu," alisema. "Umechelewa, lakini ahsante."

"Ulijua, babu?"

"Nilipofika chini ya vifundo, maji yalikuwa yanapita tu. Nikaosha hivyohivyo. Mtu huosha alichopewa."

"Na wewe pia ukanyamaza."

"Nani kakwambia? Nilikwenda kwa Talant. Nikamwambia, miguu ya kijana haipo na viatu vyangu havipo. Akanipa gunia la unga."

"Ukala?"

"Unga ni unga, mwanangu. Tena ulikuwa na dumuzi." Aliweka nyundo chini, akajipangusa vumbi. "Twende."

Talant alikuwa ofisini kwake anakunywa chai. Aliwakaribisha vizuri, maana hakuwa mtu wa kukosa adabu, akawamiminia kila mmoja chai kidogo chini ya bakuli, kama inavyomiminiwa mgeni ambaye bado anatakiwa abaki. Ndipo akaziona buti.

"Kutman," alisema. "Hujambo?"

Buti ya kulia iligonga sakafu mara moja.

"Kakonda?" Talant alimuuliza Burulai.

"Miguu haikondi, kaka Talant. Bonyeza huo ulimi."

Talant aliinama, akabonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza tena. "Ngumu," alisema.

"Nani alisema laini?"

"Kampuni."

"Kampuni ndiyo nani?"

"Kaa, dada. Chai inapoa."

Burulai hakukaa. Buti zilikuwa zimeshaanza kutembea naye kuelekea dirishani, mahali palipotandikwa zulia zuri la sufi lenye nakshi za pembe nyekundu. Moja ililipiga zulia teke, likajikunja. Chini yake, kwenye mbao, kulikuwa na alama mbili za maji, mojamoja kwa kila unyayo, na theluji kidogo ambayo haikuwa imemaliza kuyeyuka kwa baridi mbili. Buti zilisimama juu ya alama zile zikaenea sawasawa.

"Hapo ndipo aliposimama asubuhi ile," alisema Talant kwa sauti ya kawaida. "Nimebadilisha zulia mara kadhaa. Linaoza."

"Alisema nini?"

"Alisema upepo umepiga, theluji ya juu haijashikamana, mlima una tumbo bovu, tusiende. Nikamwambia wageni wamepanda ndege mbili kuja kuuona Shoka. Ndiyo. Nilimwambia hivyo."

Sonun alikuwa akiangalia chai yake.

"Basi badilisha somo," alisema Burulai. "Sitaki kingine. Kesho asubuhi, mbele ya wageni, useme buti zake zilikuwa ngumu na mlima ulimkataza."

"Somo limechapishwa kwa lugha nne," alisema Talant. "Watu wa bima wanalijua lilivyo. Nikiligusa, trekta inasimama, na Sonun anasimama, na watoto wake. Kutman mwenyewe asingependa hilo. Au vipi, Kutman?"

Buti zilipiga mateke mpaka mabakuli yakalia. Talant alisubiri zimalize.

"Baba yako alisema hivihivi," alisema Jumakadyr. Hakupandisha sauti. "Mwaka ule korido ya chini ya mgodi ilipoanguka, yeye akiwa mkubwa wa mgodi. Alisimama hapahapa, ukuta huu ulikuwa wa kijani. Alisema waliokufa waliweka nguzo vibaya. Nguzo zile niliziweka mimi. Zilikuwa nzuri. Mbao za kuziba dari ndizo alizokuwa ameziuza yeye."

"Mungu amrehemu," alisema Talant.

"Nilikusudia kitu kingine," alisema mzee.

Talant alichukua birika, akajaza bakuli la kila mmoja mpaka ukingoni. Wakaelewa kwamba wameagwa. Waliondoka bila kuinywa.

Nje jua lilikuwa bado juu ya mlima. Mzee alisimama barabarani akiangalia miguu ya Burulai.

"Kwa desturi ni zangu," alisema. "Nikizichukua, kijana atalala leo hii. Lakini yule ndani atasoma somo lake vilevile, na hapatakuwa na kitu cha kumpigia teke."

Burulai aliinamisha uso. "Umesikia mwenyewe. Unataka kulala, au unataka kuteleza?"

Buti ziligeuka polepole kwenye theluji, zikaelekea Shoka.

"Kichwa chake kilikuwa hivyohivyo kigumu," alisema Sonun, akajifuta macho kwa aproni.

"Basi nakuazima," alisema Jumakadyr. "Mguu wangu hauingii humo hata kwa siagi. Ukae nazo mpaka watakapobadilisha somo."

"Na wasipobadilisha?"

"Utakuwa na buti nzuri kwa muda mrefu."

Asubuhi ya Ijumaa wageni walijipanga mbele ya trekta, nao vijana wawili kutoka mji wa Karakol waliokuja kuwania kazi walisimama pembeni wakijipasha misuli. Mmoja aliziangalia buti za Burulai akacheka.

"Dada, hizo zitakuvunja ugoko."

"Ugoko wangu una msaidizi," alisema Burulai.

Talant alisoma. Kofia, koleo, kisha Kutman. Alipofika kwenye maneno buti laini, buti za Burulai zilipiga teke ardhini, kulia, kushoto, kulia, mpaka theluji ikaruka juu ya karatasi. Talant alinyamaza kama mtu anayepisha lori lipite. Zilipotulia, aliendelea kutoka neno lililofuata.

Juu ya Shoka kulikuwa shwari. Burulai alichimba shimo kwenye theluji akaikagua tabaka kwa tabaka, akauliza chini kwa sauti ndogo, "Unaonaje?" na vidole vilivyokuwa chini ya vyake vikatulia. Kama vingejikunja, asingeshuka, hata Talant aje na bendera. Alifunga ubao, akashuka.

Hakushuka kwa kuomba. Alielekeza pua ya ubao bondeni, akakunja magoti, na kila lilichosema goti ukingo ulikitenda. Katikati, kwenye barafu, mguu wa kulia ulianza kusukuma. Alijua ni wapi walipofika. "Haya, tangulia," alisema, akageuza ubao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akateleza kulia mbele. Ubao ulikata barafu kwa mstari mmoja mrefu, safi, bila kutikisika. Buti haikulegea hata unywele. Barafu ilipokwisha, Kutman alimrudishia zamu yake, wakafika chini wote.

Mmoja wa vijana wa Karakol alifika baadaye akiwa amekaa kitako. Mwenzake alirudi na trekta. Talant alimpa Burulai mkono na koti la kampuni. Alilichukua koti, mkono akauacha hewani.

Somo halikubadilika. Kila asubuhi linasomwa, na Burulai, kiongozi wa Shoka, husimama kando ya msomaji katika buti nyeusi. Wakifika kwenye maneno buti laini, hupiga teke. Wageni wanadhani ni sehemu ya somo, na siku hizi nao hupiga, mstari mzima, kwa buti walizochaguliwa na Sonun, mpaka theluji inadondoka kutoka kwenye paa la ofisi. Talant husubiri wamalize. Kisha hupangusa karatasi yake, akaendelea: zikamlegea kwenye barafu.