Tambi za Mke Mwenza

"Katika Kabondo nzima hakuna mwanamke wa kunishinda jikoni," Nyota alimwambia Honorine, muuza nyanya aliyefika na mtumbwi wa alfajiri kutoka Yanonge. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli siku ambazo uongo haukuwa na faida, akaongeza: "Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenituma."

Honorine alicheka, akamwongezea nyanya moja ya bure. Nyota hakucheka. Alizibonyeza nyanya moja moja kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa, akachagua zilizoiva hadi shingoni. Akachukua vitunguu na shada la lumba-lumba, lile jani ambalo harufu yake hufika nyumbani kabla ya mnunuzi. Mayai aliyafunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeitwa barazani kujibu shauri.

Aliyemtuma alikuwa Safi, mbanda wake, mke mwenzake. Mume wao, marehemu Lukumani, alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja mjenzi wa madaraja, na katika miaka ya mapenzi mabichi alimfundisha Safi kutengeneza tambi kwa mkono. Nyota alipoletwa, Mtaliano alikuwa amesharudi kwao, na mapenzi yalikuwa yameshaingia mgawo. Tambi alizikuta zina mwenyewe. Siku ile ile ya arusi Safi alimpangia mafiga matatu upande wa pili wa ukuta, akasema kila mtu na moshi wake. Tangu hapo, miaka tisa ya zamu na mitatu ya ujane, hakuna aliyeonja chungu cha mwenzake. Mume alikufa, zamu zikafa, mafiga yakabaki. Wajane wawili chini ya paa moja, wakiendelea kugawana mtu ambaye hayupo.

Kisha, mwaka wa 1957, Safi akaanza kukonda. Kwanza wali ulimkwama kooni, halafu uji, halafu hata maji yakawa yanapita kwa kuomba ruhusa. Muuguzi wa zahanati alimpapasa shingo, akasema mama huyu apewe chochote anachotamani. Mtu mzima haelezwi maana ya maneno hayo.

Jana yake jioni ukuta uligongwa mara tatu. Nyota alipokwenda, mgonjwa alisema anataka tambi.

"Nitamwambia Marceline akupikie, Yaya," Nyota alijibu. Marceline alikuwa jirani yao, ndiye aliyekuwa akileta uji. Na hilo la Yaya, yaani dada mkubwa, Nyota alilitumia kwa adabu tu, kama mtu anavyovua viatu msikitini hata akiwa na hasira.

"Marceline ni mutu wa kukoroga uji. Nataka za chungu chako, weye."

Basi usiku huo usingizi ulimpitia Nyota mbali. Aliujua mtaa: mke mwenza akifa na chakula cha mwenzake tumboni, udongo wa kaburi hukauka upesi kuliko ndimi za watu. Lakini chini ya hofu hiyo palikuwa na tamaa aliyoionea haya. Alitaka Safi ale. Alitaka kijiko kimoja kishuke, kimwambie kwamba miaka kumi na miwili ilikuwa ujinga, na kwamba bado ipo mingine ya kuwa na akili.

Aliporudi kutoka sokoni alimkuta Safi amejikokota hadi kwenye mkeka, mbele ya mafiga ambayo hakuwahi kuyasogelea, tayari kuamuru. Nyota alimwaga unga juu ya ubao, akauchimbia shimo, akavunjia mayai manne. Aliambiwa anakanda kama mtu anayefinya nguo ya mkwewe. Akakanda kwa kiganja hadi donge likawa laini kama ndewe ya sikio. Akalisukuma kwa chupa ya mvinyo aliyoiacha Mtaliano, chupa ambayo Safi aliiosha mara saba, moja kwa mchanga, kabla ya kuikubali katika nyumba ya Kiislamu. Akalikunja, akalikata nyuzi nyembamba, akazianika juu ya bakora ya Lukumani iliyolazwa kati ya vigoda viwili.

Safi aliitazama bakora. "Leo tunamfanyisha kazi sote wawili siku moja," alisema. "Enzi zake angekimbia."

Walicheka. Kicheko cha Safi kilitoka na mluzi mwembamba kwenye pengo la jino, na Nyota akagundua kwamba hakuwahi kukisikia kwa karibu. Miaka yote alikuwa amekisikia kupitia ukutani, akadhani kinamhusu yeye.

Nyanya zilipondeka ndani ya vitunguu, zikaanza kutoa sauti ndogo ya matope yanayofurahi. Tambi zilipoiva, Nyota aliinua chungu amwage maji. Safi akamshika kifundo cha mguu.

"Usimwage. Kijiko kimoja cha maji hayo kwenye nyanya, ndipo zinashikamana. Donc, basi, siri ndiyo hiyo. Ulikuwa ukichungulia tundu la ukuta bure."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakuachia, mudogo. Ningetaka, ningeliziba kwa udongo siku ya kwanza."

Nyota alichota kijiko kimoja cha maji hayo, akakimimina kwenye nyanya. Alipakua, akakatia lumba-lumba juu yake, akamshika mwenzake mkono hadi chumbani. Safi aliomba aachwe peke yake. Mdomo wa mgonjwa, alisema, si ngoma ya kutazamwa. Nyota akakaa nje, mikono imemkauka unga, akihesabu pumzi zake mwenyewe.

Alipoitwa, sahani ilikuwa tupu, imefutwa ikang'aa. Safi alisema amekula, na sasa angelala kidogo.

Nyota alitoka kama mtu aliyelewa. Alimtangazia Marceline juu ya ua kwamba Yaya amekula, sahani nzima. Kwamba kesho angemtafutia samaki kwa Wagenia, wavuvi wa mtoni, kesho kutwa kuku, na kabla ya mwezi kuandama wangekuwa na jiko moja. Hakungoja hata huo mwezi. Aling'oa figa moja la upande wake, likiwa bado na joto, akalifungia kitambaa na kuzunguka nalo nyuma ya nyumba kulipeleka upande wa Safi.

Chini ya dirisha la Safi mabata wawili wa Marceline walikuwa wakivutana uzi mmoja wa tambi, kila mmoja na ncha yake, kama wake wenza na mume. Mbele yao palikuwa na rundo jekundu, karibu sahani nzima.

Figa lilianguka. Hasira ya kale ilimpanda Nyota, moto kama siku ya arusi: kumbe hata mlangoni mwa kaburi, chungu changu bado ni sumu. Akaokota uzi mmoja chini, akaingia na maneno aliyoyanoa miaka kumi na miwili.

Safi alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa na wekundu wa nyanya. Mkononi alikuwa na kitambaa kilichofunguka, na ndani yake palikuwa na tonge dogo lililotafunwa na kutafunwa hadi likawa uji, na jingine, na jingine. Mishipa ya shingo ilikuwa bado imemsimama, kama ya mtu aliyetoka kubeba mzigo ukamshinda.

Maneno yote yakamwacha Nyota. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Yaya," alisema polepole. "Umekula?"

"Zote," Safi alijibu bila kufumbua macho. "Zimeshuka vizuri. Chumvi imekaa."

Nyota alimvutia shuka, akamfunika miguu. Labda ni mguso huo uliomfanya Safi afumbue jicho moja. Likamwona mwenzake, likateremka hadi kwenye kiganja chake, ambacho kilikuwa kimejifungua chenyewe mapajani, na ndani yake uzi wa tambi wenye mchanga. Safi aliutazama muda mrefu.

"Huo mmoja tu," alisema, "ndio ulioniponyoka."

Nje ya dirisha mabata walikuwa bado wanagombana.