Baa Zinatosha Matisi

Mwaka wa 2004 Edinah Khaemba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mtaani Matisi, Kitale, na pia mmoja wa wananchi waliokaa katika korti ya leseni za pombe ya wilaya. Watu waliiita korti, ingawa haikuwa na hakimu wala mahabusu. Ilikuwa meza ndefu katika ofisi za serikali, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya, yaani DC, Bwana Kimaiyo, na kazi yake ilikuwa kuamua nani auze pombe na wapi.

Edinah hakuwa na ugomvi na wanywaji. Baba yake mwenyewe alikunywa pombe ya busaa kwa mrija pamoja na wazee wenzake kule nyumbani Matulo, akafa mtu wa heshima. Kilichomchosha ni wingi wa baa. Kulikuwa na wakati ambapo mtoto akitoka barabara kuu kwenda shuleni alipita milango ya baa mingi kuliko ya maduka, na Jumatatu asubuhi walimu walilazimika kuwaamsha watu waliolala mtaroni kabla ya gwaride. Alipoteuliwa kuingia kwenye korti, Edinah aliomba jambo moja tu: Matisi isiongezewe baa. Wenzake wakakubali. Tangu hapo kila ombi jipya la Matisi lilipata jibu moja, kwamba zilizopo zinatosha. Baadhi zilifungwa na wenyewe, na akina mama wa mboga wakarudi kupanga meza zao pale ambapo walevi walikuwa wakigombana.

Ndipo likaja ombi la kampuni moja ya mikahawa kutoka Nairobi. Wenye hisa nyingi walikuwa wageni wa ng'ambo, na walitaka kufungua mkahawa wenye baa kwenye ploti iliyotazamana na uwanja wa shule ya Edinah. Wakili wao, Bwana Nyambu, alikuwa mtu wa sauti ya chini na adabu nyingi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mteja wangu yuko tayari kufuata kila sheria. Lakini tumesikia kwamba korti hii hukataa maombi kwa sababu baa zinatosha. Sababu hiyo haiwezi kumzuia mteja wangu."

"Kwa nini isiweze?" Edinah aliuliza.

"Kwa sababu Kenya iliahidi, Mwalimu. Katika mkataba wa biashara ya huduma, ule wa Shirika la Biashara Duniani kule Geneva, serikali yetu ilikubali kwamba wageni waje kufungua hoteli na mikahawa. Ukishakubali bila kuweka kikomo, huwezi tena kuhesabu na kusema sasa zimetosha, wengine wabaki kwao."

"Lakini hapa hatuongei habari ya mikahawa. Tunaongea pombe."

"Mkahawa wa mteja wangu utauza chakula na bia. Mlaji akikaa mezani, havitenganishwi."

Kimaiyo aliwatazama wanakorti wenzake mmoja baada ya mwingine. "Mimi kazi yangu ni Trans-Nzoia," alisema mwishowe. "Mambo ya Geneva siyajui. Tutaahirisha mpaka tupate ushauri."

Edinah alijua pa kwenda kuuliza. Mdogo wake, Kizito Wekoye, alikuwa ofisa katika wizara ya biashara, na alikuwa amekwenda Geneva mara kadhaa kwa ajili ya mazungumzo ya mikataba. Wakati huo alikuwa likizoni nyumbani kwao Matulo, wilayani Bungoma, akivuna mahindi. Jumamosi Edinah akashuka mpaka Bungoma, akamkuta ameketi kwenye turubai pamoja na mkewe Phelista, wakipukuchua. Naye akaketi, akachukua hindi, akaanza kueleza.

Kizito alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo wakili hakudanganya," alisema. "Ila hakusema yote. Kampuni haiwezi kuishtaki Kenya kule. Ni serikali ya kwao tu inayoweza kulalamika, na sioni serikali ikisumbuka kwa baa moja ya Matisi. Lakini simu zitapigwa. Wizarani kwetu wataulizwa, sisi tutamuuliza DC, na DC hatataka kuulizwa mara ya pili."

"Nani aliandika ahadi hiyo?"

"Ni ya miaka ya tisini, kabla mimi sijaandikwa kazi. Walikuwa wanafikiria watalii, dada. Walitaka watu wenye mitaji wajenge hoteli Mombasa na kule kwa wanyama."

"Na hakuna mtu aliuliza, je, pombe?"

"Katika vile vyumba, kuuza pombe ni huduma tu, kama kunyoa watu nywele. Watu wa afya hawakuwa ndani."

"Walimu je?"

"Hata walimu hawakuwamo."

Edinah aliendelea kupukuchua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka Phelista akamwambia taratibu, asijiumize vidole. Alihisi hasira, na hakujua aielekeze kwa nani. Kizito hakuwa amekosa kitu. Wale walioandika nao pengine walikuwa watu wazuri, wenye watoto shuleni.

"Kwa hivyo tuketi tu tukiangalia?"

"Hapana. Kusema zimetosha ndiko kugumu. Lakini masharti mnaweza kuweka. Saa za kufungua, umri wa wateja, kelele, umbali kutoka shuleni. Hayo hakuna mtu atawanyima, mradi sharti liwe moja kwa wote. Msimbane mgeni huku mwenyeji mmemwacha. Mkisema baa isiwe karibu na shule, basi hakuna baa karibu na shule."

Papo hapo Edinah alimkumbuka Wakonyo.

Wakonyo alikuwa mjane wa Gachanja na mama yake Muigai, wa familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani za mashamba ya ushirika. Baa yake ndogo ilipakana na ukuta wa shule, na ilikuwa pale kabla ukuta haujajengwa. Hakuuzia mtu aliyekwisha kulewa. Akimwona mtoto mwenye sare mlangoni, alimfukuza na kesho yake akamweleza mwalimu. Mwaka mmoja wa ukame, shule ilipopata msaada wa chakula, sufuria za kupikia zilitoka kwake. Kila mwaka leseni yake ilifanywa upya bila neno.

Njiani kurudi Kitale Edinah aliligeuza jambo hilo kila upande. Asipopendekeza sharti la umbali, kampuni ingepata ploti ile mbele ya uwanja wa watoto. Akilipendekeza, Wakonyo angefunga. Alitafuta njia ya kumwokoa Wakonyo bila kuifungulia kampuni mlango, na kila alipodhani ameipata, alisikia sauti ya chini ya Nyambu ikiuliza kama sharti ni la wote.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda kwa Wakonyo. Baa ilikuwa bado haijafunguliwa. Wakonyo alikuwa akipanga kreti za chupa tupu.

"Mama Muigai," Edinah alisema, "nimekuja nikwambie mwenyewe, kabla usikie kwa watu." Akamweleza yote, mkataba, wakili, na sharti alilokusudia kulipeleka.

Wakonyo alikaa juu ya kreti. "Kwa hivyo hawa wageni wakitaka kukuja, mimi ndiye natoka."

"Si hivyo."

"Si ndivyo umesema? Zamani mlikuwa mnasema zinatosha, na mimi nilikuwa kati ya zile zimetosha. Sasa hamwezi kusema zinatosha, ndio mnasema ziko karibu."

Edinah aliona kwamba ndivyo ilivyokuwa. "Ungekuwa mimi, ungefanya nini?" aliuliza.

Wakonyo aliinuka, akarudi kwenye kreti zake. "Ningekuwa mwalimu, ningefanya vile unafanya. Lakini usitake nifurahi, bana."

Korti ilipokaa tena, Edinah alipendekeza sharti hilo, pamoja na lingine la kuzuia baa kufunguliwa asubuhi. Yalipita. Nyambu alisimama na kuuliza kama yangewahusu wote. Kimaiyo akasema ndiyo, wote. "Basi mteja wangu hana la kupinga," alisema, akafunga mkoba wake.

Haikupita muda mrefu kampuni ikarudi na ploti nyingine, upande wa pili wa Matisi, mbali kabisa na shule. Safari hii hapakuwa na sababu ya kuwakataa, maana ile ya zinatosha hakuna aliyethubutu kuirudia. Mkahawa ulifunguliwa kabla ya Krismasi, ukiwa na bembea za watoto na mahali pa kuegesha magari. Ulifunga kwa saa zake, haukuwa na kelele, na hata Edinah alikiri kwamba ulikuwa msafi. Kisha wafanyabiashara wa Kitale wakaanza kuleta maombi yao. Kwa sheria ya Geneva, inayomlinda mgeni tu, hawakuwa na haki yoyote, lakini nani angemwambia mwenyeji zinatosha, baada ya kumwambia mgeni karibu? Mwaka uliofuata Matisi ilikuwa na baa nyingi kuliko siku Edinah alipoingia kwenye korti. Zote zilikuwa halali, na zote zilikuwa mbali na shule.

Wakonyo aliuza friji na kuigeuza baa yake kuwa mahali pa kula githeri na kunywa chai. Wateja walipungua. Muigai, mwanawe, aliacha kozi aliyokuwa akisomea Eldoret na kurudi kumsaidia mamake.

Huko Nairobi, Kizito alikuwa ameingizwa katika kamati iliyoandaa ahadi mpya za Kenya, maana nchi nyingine sasa zilitaka biashara ya jumla na rejareja ifunguliwe pia. Katika rasimu aliongeza kwamba vileo havimo, na kwamba nchi inabaki na uwezo wa kupunguza idadi ya wauzaji. Mkubwa wake alimuuliza nani ameomba hilo. Kizito akamwelezea habari za Matisi, na kwa mara ya kwanza mtu wa wizara ya afya akaalikwa kwenye kikao.

"Itabaki hivyo?" Edinah alimuuliza kwa simu.

"Sijui, dada. Mazungumzo ni marefu. Wanaweza kukiondoa kifungu hicho ili tupate nafuu kwa maua au majani chai tunayouza kwao."

"Na ile ahadi ya hoteli?"

"Ile ukitaka kuirudisha nyuma, lazima uwape kitu kingine badala yake. Na hakuna mtu hapa anataka kutoa kitu."

Mchana huo Edinah alikwenda kula kwa Wakonyo. Hakuwa ameketi pale tangu baa ilipofungwa, walikuwa wakisalimiana barabarani tu. Wakonyo alimwekea sahani, akavuta kiti, naye akaketi. Edinah alimweleza alichosema Kizito.

"Huyo ndugu yako ni mtu mzuri," Wakonyo alisema. "Mwambie siku ingine kabla hawajaandika, wapitie huku kwanza."

Edinah alisema atamwambia, na jioni hiyo alimwambia.