Viti Kumi vya Kepaso

"Kebaso hayuko, mama," alisema karani wa kamati, kidole kikiteremka kwenye orodha. "Kuna Kepaso."

"Ni Kebaso, na B. Jina la babu yake hilo."

"Hii list ilishaenda Nairobi. Mkubwa atasoma vile imeandikwa."

Yunia alitoka kwenye hema la kamati na hasira isiyo na pa kutua. Wiki nzima serikali ilikuwa imewaletea wafiwa magari, pole na kamati juu ya kamati. Siku ya mkasa wenyewe hakuwepo hata ofisa mmoja. Wachuma chai walikuwa wamepanga foleni ya mizani, vikapu mgongoni, dereva wa lori akaiacha barabara makusudi na kuwavamia. Kisha akarudi nyuma, akawapitia tena. Watu kumi na mmoja wakafa. Kwa nini, hakuna aliyejua. Polisi walisema uchunguzi unaendelea.

Yunia alikuwa bado shambani. Ni yeye aliyemwambia mumewe Kebaso atangulie akashike foleni, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Kesho yake jirani yake Chemutai alimletea maziwa, akakataa kuketi.

"Ni mimi nilipeana jina kwa polisi," alisema. "Nilikuwa nimemshika kichwa pale chini. Watu wakasema nisimwache alale, nimuite. Nikamuita Kepaso, Kepaso, na alikuwa ananiitikia, Yunia. 'Ee.' Mpaka akanyamaza. Ulimi yangu ndiyo hivyo, B inatoka P, unaijua. Nitaenda kwa karani niseme nilikosea."

Miaka kumi na miwili Kebaso alikuwa akimtania Chemutai kwa ulimi huo, naye akimrudishia kwa kumwita Mkisii asiyejua kukamua. Yunia alitaka kusema nenda, nenda sasa hivi. Badala yake aliuliza, "Aliitika mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mama."

Yunia akalia. Hakumwambia aende wala asiende.

Ijumaa, uwanjani kwenye ibada ya kuwakumbuka, kila marehemu alikuwa amewekewa viti kumi vya plastiki kwa ajili ya jamaa. Jamaa za wengine walijaa mpaka wakapakatana. Ndugu za Kebaso walikuwa wamepiga simu kutoka Nyamira kusema watangoja mazishi. Yunia alikaa kwenye kiti cha kwanza, peke yake kama kidole. Alikuwa ameapa kwamba jina lile likisomwa hatainuka. Asimame mwenyewe, huyo Kepaso.

"Familia ya Kepaso!" mkubwa kutoka Nairobi aliita kwenye kipaza sauti.

Vichwa vikageuka. Ndilo jina aliloitikia mwisho, Yunia aliwaza, na halikutoka kinywani mwangu. Wivu ulimchoma, mwanamke mzima, katikati ya watu. Akasimama.

"Wengine wako wapi, mama?"

"Ni mimi tu."

Mzee wa familia iliyokaa kando yake alimgusa bega kwa upole. "Hivi viti viko na watu?"

"Chukueni."

Vikabebwa kimoja kimoja, juu ya vichwa vya watu, na mkubwa akaita jina lingine Yunia akiwa bado amesimama.