Komeo la Bi Shauku

Sogeeni, wajukuu, mkeka unatosha. Ilikuwapo nchi iitwayo Hisani, ambayo makomeo ya milango yake yote yalikuwa kwa nje. Watunzaji, watumishi wa dola yenye mapenzi yasiyo na kiasi, waliingia nyumba yoyote wapendavyo: wakaonja mchuzi, wakapunguza chumvi, wakageuza kitanda, wakampa mtoto jina walilolipenda wao. Hawakuwa wakatili, la. Wakikuta mgonjwa walimkanda. Ila neno "hodi" lilikufa katika nchi ile, na mwenziwe "karibu" akalifuata kwa upweke.

Bi Shauku, mjane msuka mikeka, aliyasikia maneno hayo utotoni kwa bibi yake, akayatamani kama mjamzito atamanivyo udongo. Kila alasiri aliandaa vikombe viwili vya kahawa, akaukabili mlango. Watunzaji waliingia wakanywa vyote viwili, wakamsifu. Siku moja aling'oa komeo, akaligongomea ndani.

Akafikishwa mbele ya Kadhi Huruma.

"Bibi, unamficha nani?"

"Simfichi mtu, sheikh. Nyumba yenyewe hata panya wamehama."

Watu wakacheka.

"Ukianguka ndani, nani atakuokoa?"

"Mtavunja mlango. Lakini mtajua kwamba mmevunja."

Kisha Bi Shauku akasema, "Kitendawili."

"Tega," akajibu Kadhi, maana hata yeye alilelewa na bibi.

"Changu: nikikupa, unacho, ukikichukua mwenyewe, hukipati."

Kadhi akataja usingizi, akataja moyo, akashindwa. "Haya, chukua mji. Nakupa Neema, wenye visima saba."

"Neema ina wenyewe, baba, utanipaje watu? Mimi nipe kizingiti changu. Jibu utalipata hapo."

Sheria haikuwa na nafasi ya ombi hilo. Komeo likarudishwa nje, na Bi Shauku akarudi kwenye ukili wake wa mikeka, macho mazito.

Alasiri ya tatu Kadhi alikwenda peke yake. Mlango ulikuwa wazi, kama sheria ilivyotaka. Ndani vikombe viwili vikifuka mvuke. Akainua mguu avuke. Akaurudisha. Akakohoa.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu ajaribuye kiatu cha mwenziwe.

Mikono ya Bi Shauku ikasimama juu ya ukili. Hakujibu upesi; miaka sitini aliyongoja ilimpa haki ya kulisikia mara mbili.

"Hodi, bibi."

Ndipo alipompa jibu la kitendawili.

"Karibu."